Mama Shuka na Mwezi Aliokatazwa Kwenda Kazini

Marehemu alizaliwa Aprili 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe. Tarehe hasa haikuandikwa. Mama yake alisema tu kwamba alikuja akilia, na hakunyamaza mpaka alipofunikwa.

Alisoma hadi darasa la nne. Baba yake akaugua, yeye akabaki nyumbani kumuuguza. Baba alipofariki, wenzake walikuwa wamekwenda mbele, na darasa halikumngoja.

Mwaka 1971 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali. Ndiko alikopata jina la Mama Shuka. Ndiko pia alikowaona wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani nao hawana nyumba, wamekaa kwenye benchi la nje, vifurushi mapajani. Akaanza kuwaleta kwake.

Tarehe 6 Januari 1974 aliolewa na fundi viatu wa mtaa wa nyuma. Siku ya harusi bwana harusi alimkuta chumbani mzee asiyemjua, amelala fofofo.

"Huyu nani?"

"Mgonjwa. Ataondoka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Marehemu alicheka, akamtandikia mumewe sakafuni. Mzee yule alikaa mwaka. Mtoto hawakujaliwa, lakini nyumba haikuwahi kuwa na nafasi.

Alipostaafu mwaka 2007, wagonjwa walihamia nyumba ya kupanga ya jirani, na shirika la kuwatunza likaandikishwa. Baadaye mfuko mmoja wa hisani ukawapa ruzuku. Haikuwa ya dawa wala ya unga. Ilikuwa ya kujenga uwezo: wafanyakazi wasomeshwe, hesabu zikae sawa, shirika lisimame hata mwanzilishi asipokuwepo. Sharti moja lilimchoma. Septemba mwaka jana akae nyumbani mwezi mzima, asiguse kitu, ionekane kama wenzake wataweza.

Siku za kwanza muuguzi alikuja dirishani.

"Mama, yule wa chumba cha mwisho amekataa dawa."

"Mimi sipo."

"Mama, si nakuona?"

"Unaona vibaya, binti. Nenda kafanye ulivyofundishwa."

Akafunga dirisha, akasimama nyuma yake akijiuma kidole. Baada ya muda hawakuja tena. Walikuwa wameweza. Marehemu akawa anakaa kitini akitazama njia, na mumewe akadhani ni unyonge wa kukosa kazi. Kwa mara ya kwanza tangu waoane walikuwa wanakula pamoja mchana, ndipo mumewe akaona kwamba mkewe hali kitu. Anasogezasogeza tu chakula kwenye sahani.

Daktari alisema ni kansa ya tumbo, na imeshasambaa. Maumivu alikuwa ameyafunika kwa shughuli. Wafanyakazi walimwandalia kitanda kule kwenye nyumba yake ya wagonjwa, akakataa.

"Kule ni kwa wasio na mtu. Mimi ninaye."

Novemba, akiwa kitandani, alianza kumfundisha mumewe: jiko linavyowashwa, chumvi kiasi gani, vidonge vya presha vipi vya asubuhi na vipi vya jioni. Mumewe hakutaka.

"Mimi usinijengee uwezo," alimwambia.

"Mzee wangu, jifunze hata chai."

"Chai nimeacha."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Marehemu alicheka mpaka maumivu yakamshika, na mumewe akajuta kumchekesha.

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa nane mchana, nyumbani kwake. Wafanyakazi wake walimgeuza, wakamwosha, wakamtandikia bila kuuliza mtu. Kila mmoja alijua la kufanya. Mumewe alisimama mlangoni, hajui ashike nini.

Ameacha mume, dada yake mdogo, wapwa wanne, na wagonjwa ambao asubuhi ya leo wamelishwa kwa wakati. Wageni wa ule mfuko wako hapa nasi, na wamejionea wenyewe: shirika limesimama. Mumewe anawashukuru. Shirika linaweza bila yeye. Yeye mumewe hawezi, na hakupata pengine pa kulisemea hilo. Anaomba mkitoka makaburini msiondoke wote kwa pamoja.

Mama Shuka apewe amani, alale, asiamshwe na mtu.