Bi Mkubwa wa Juu ya Ikweta

Kwa desturi ya kituo cha hali ya hewa, wasifu huandikwa na ndugu wa karibu. Marehemu hakuwa na ndugu duniani, basi jukumu likaiangukia nyumba ya fundi wake, nyumba ambayo hakuitakia mema hata siku moja.

Marehemu, setilaiti ya hali ya hewa iliyoitwa Bi Mkubwa, alirushwa angani tarehe 11 Novemba 2003, akiwa na umbo la pipa lililovikwa paneli za jua. Hakusoma sana. Alifundishwa mambo matatu: kuona mwanga, kuona joto na kuona mvuke. Akapewa kazi kilomita elfu thelathini na sita juu ya ikweta, akienda sambamba na dunia, hata ukimtazama kutoka chini ungedhani hajasogea. Huko alijizungusha kama pia, mara mia kwa dakika, akituma picha ya mawingu kila nusu saa. Marubani na mabaharia walimsifu. Wao hawakuishi naye.

Fundi wake alioa mwaka 2005. Kwa kuwa marehemu alitangulia, bibi harusi akaingia kama mke mdogo. Alfajiri ya harusi fundi alitazama picha ya joto, akatangaza anga ni safi, viti vitolewe nje. Kumbe wingu la chini hukaribiana joto na ardhi, na Bi Mkubwa gizani hakuweza kuvitofautisha. Manyunyu yakashuka mpaka keki ikalegea.

"Huyo wako wa juu hana dirisha?" aliuliza shangazi wa bibi harusi, amejifunika sinia.

"Picha ilikuwa safi, shangazi."

"Basi ilete tujifutie."

Mara mbili kwa mwaka, usiku na mchana vinapolingana, marehemu alipita kwenye kivuli cha dunia, akakosa jua, akaishi kwa betri. Fundi alikwenda kumkesha. Ni majira hayo mkewe aliposhikwa na uchungu wa kifungua mimba, akapiga simu.

"Mke wangu, betri yake imeshuka. Nipe saa moja."

"Yangu imeshakwisha."

Mtoto alipokelewa na jirani.

Marehemu alitarajiwa kuishi miaka saba, akang'ang'ania kumi na saba. Aliugua kwa kupungukiwa mafuta. Yaliyobaki yalitosha jambo moja: ama miezi michache ya kazi, ama kupanda juu zaidi, kwenye makaburi ya setilaiti, asije akawagonga walio hai. Kila wiki fundi aliomba wiki nyingine. Mwishowe mkewe alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha kuongozea.

"Baba watoto, mzike angali na nguvu za kwenda. Akiishiwa hapo, utamchunga mpaka uzikwe wewe."

"Amenijua tangu ujana wangu."

"Mimi pia. Tena mimi nalijua na jina lako."

Fundi alituma amri kwa mkono wake, tarehe 6 Februari 2021. Marehemu alipanda kilomita mia tatu, tangi likamwagwa, betri zikakatwa, redio ikanyamaza.

Mkuu wa kituo hakungoja machozi yakauke. "Mdogo wake ameshafika huko juu. Anahitaji mtu anayezijua tabia za ukoo. Miaka mitano tu."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe akatazama ukuta. Swali halikuwa lake. Ndipo fundi akavua kadi ya mlango shingoni, akaiweka mezani.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, dishi la antena uani, na picha karibu laki tatu za mawingu yaliyokwisha kunyesha. Hakuacha mjane. Aliyedhaniwa mjane yuko nyumbani kwa mkewe.

Apumzike kwa amani hukohuko juu, wala asimwite mtu.