Zipu, Msusi Aliyeimba Kabatini

Wasikilizaji wapendwa, popote redio hii inapokukuta, jikoni au kazini, sogea karibu kidogo. Leo tunamkumbuka msusi. Tunamkumbuka pia mwimbaji. Wote wawili ni mtu mmoja, na mashabiki wake walimjua kwa jina la Zipu.

Zipu alifariki dunia wiki iliyopita. Alianguka saluni akimsuka mteja. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani, na hakuamka tena. Ameacha mama, na dada yake mkubwa ambaye ni muuguzi. Ameacha na nyimbo.

Jina hilo lilitoka nyumbani. Mama yake ametuambia, "Yule mtoto mdomo haukujua kupumzika. Anaimba anakula, anaimba anaoga. Baba yake akichoka anamwambia, mwanangu, funga zipu. Ikawa zipu, zipu, mpaka walimu wakasahau jina lake."

Hakuifunga. Pale saluni kuna wateja waliokuja nywele zao bado nzuri, ili wamsikie tu.

Zipu alikuwa msanii wa kujitegemea. Hakuwa na kampuni, hakuwa na meneja. Studio yake ilikuwa kabati la nguo. Ndiyo, kabati. Aliingia katikati ya magauni na makoti, akajifunika blanketi, maiki mkononi, akaimba humo humo, maana nguo zinameza mwangwi. Alitoka jasho chapachapa. Kisha wimbo akaupandisha mwenyewe kwenye jukwaa la muziki mtandaoni.

"Dada, kuimba ndiyo rahisi," alimwambia muuguzi. "Shughuli ni kuwafanya watu wabonyeze."

Basi akajifunza kuutangaza muziki wake. Kabla wimbo haujatoka, anaposti video fupi. Anawatumia wateja linki. Anawabembeleza wale wanaopanga orodha za nyimbo, angalau wamweke mwishoni. Alimwomba hata daktari wa meno auhifadhi wimbo kwenye simu yake, huku mdomo wa Zipu ukiwa bado na ganzi ya sindano.

Video alizirekodi dirishani jikoni, au mlangoni pa saluni. Watu walizipenda. Na kulikuwa na mmoja aliyemtangulia kila mtu. Alijiita Wa Kwanza. Zipu akiposti, chai haijapoa, Wa Kwanza ameshaandika: "Umeua, dada." Zipu alifurahi. Alisema huyu mmoja anamtosha kuliko redio nzima. Samahani kwetu sisi.

Halafu siku moja Wa Kwanza akaandika hivi: "Pole kwa balbu ya ngazini. Angalia usijikwae."

Balbu ya ngazini kwao ilikuwa imeungua kweli. Lakini Zipu hakuwahi kurekodi video ngazini. Narudia, hakuwahi.

Alijipa moyo. Labda alilitaja jambo hilo mahali, akasahau. Ukaja ujumbe mwingine: "Leo umepita kimya. Nani kakuudhi?" Siku hiyo kweli alipanda ngazi bila kuimba.

Akaacha kabisa kuimba ngazini. Akawa anarudi nyumbani kwa kuzunguka. Wateja wanasema alikuwa anasuka huku anatazama kioo, lakini si nywele alizokuwa akitazama. Alikuwa anatazama mlango ulio nyuma yake.

"Nilimwambia afute kila kitu," anasema muuguzi. "Toka huko mtandaoni, uishi. Akanijibu, nikitoka nani atausikia wimbo? Nimeuimba wa nini?"

Alimzuia Wa Kwanza asione kurasa zake. Yule akarudi kwa jina la Wa Kwanza Tena. Zipu alikwenda polisi. Ofisa aliyempokea akasoma zile jumbe, akatabasamu. "Ni shabiki tu huyu, dada. Punguza kuposti."

Ndipo Zipu akamwendea mtunza jengo alilopanga. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu, anayewabebea wapangaji maji bomba likikauka. Zipu alimwomba abadilishe kitasa cha mlango wake. Alikifunga kwa mkono wake, akakaza skrubu, akajaribu ufunguo. Ufunguo wa akiba akabaki nao, kama alivyobaki na wa vyumba vyote. Akamwambia, "Sasa tulia, dada. Hapa hapiti mtu."

Zipu akatulia kidogo. Akarekodi wimbo mpya, akaanza kuutangaza, bila kumsikilizisha mtu yeyote hata mstari mmoja. Aliweka picha tu, na tarehe ya kutoka. Chini ya picha ile ukaja ujumbe kutoka kwa jina geni: "Blanketi la kijani lina harufu yako."

Wasikilizaji wapendwa, blanketi lile lilikuwa ndani ya kabati. Kabati lilikuwa chumbani. Chumba kilikuwa nyuma ya kitasa kipya.

Zipu aliusoma ujumbe huo akiwa ameshika nywele za mteja. Mteja anasema vidole viliachia msuko nusu, na Zipu akachukua mkoba wake.

Alihamia kwa dada yake siku hiyo hiyo. Asubuhi wakarudi wote wawili. Zipu aliifungua simu anayorekodia, akaiweka kabatini kati ya makoti, akaiacha inarekodi. Wakafunga mlango, wakatoka wakiongea kwa sauti ili wasikike wameondoka. Chini walimkuta mtunza jengo anafagia. Wakamsalimia. Akaitikia vizuri tu.

Walirudi mchana. Wakakaa kitandani, wakasikiliza. Kwanza kimya. Kisha ufunguo, taratibu, bila kulazimisha. Nyayo. Mlango wa kabati ukalia. Kisha pumzi, karibu kabisa na maiki. Na baada ya pumzi, sauti ya mwanamume ikiuimba puani ule wimbo mpya. Aliuimba kiitikio chote, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Wimbo ambao ulikuwa haujatoka. Aliyeujua ni yule tu aliyekuwa akisimama nje ya mlango Zipu akirekodi.

"Mimi nahudumia mahututi," anasema muuguzi. "Nimesikia watu wakikata roho. Sijawahi kuogopa sauti kama ile."

Mwishoni mtu yule alisema maneno mawili: "Usihame, dada." Wakaitambua sauti.

Wakati huo huo mlango ukagongwa, na sauti ile ile ikaita nje. "Dada? Mbona mmerudi mapema? Kuna tatizo?"

Zipu alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Muuguzi ndiye aliyejibu. "Hakuna, kaka. Mdogo wangu tumbo linamsumbua kidogo." Nyayo hazikuondoka mara moja. Zilikaa pale nje. Zilipoondoka, wakasukuma kitanda mpaka mlangoni, na muuguzi akawapigia polisi, akawachezea ile sauti kwenye simu. Safari hii hakuna aliyetabasamu. Walimkuta mtunza jengo uani, anajaza ndoo ya mpangaji. Majina yote ya Wa Kwanza yalikuwa kwenye simu yake. Alishtakiwa, akafungwa.

Hofu haikufungwa naye. Zipu alihama, lakini wimbo ule alikataa kuutoa. "Ameshauimba yeye," alisema. "Nikiusikia, namsikia yeye."

Muda mrefu ukapita. Siku moja pale saluni, bila kujijua, akawa anauimba. Mteja mmoja akakidaka kiitikio. Mwingine akajiunga, na mwenye dawa ya nywele kichwani akajiunga pia. Jioni alimwambia dada yake, "Leo nimewasikia wale wanawake. Yeye sikumsikia."

Akautoa. Aliutangaza bila sura yake: mikono tu inasuka, wimbo unapita. Video ya leo aliiposti siku nyingine kabisa, asijulikane yuko wapi. Wimbo huo ndio uliosikilizwa kuliko nyimbo zake zote. Lakini mpaka anafariki, hakulala bila kuegemeza kiti mlangoni. Dada yake ametuomba tuliseme hilo, msije mkadhani mambo yaliisha tu.

Zipu ameacha wimbo mmoja alioupanga utoke Ijumaa hii. Familia ilijiuliza kama iusimamishe. Mama akasema, "Mwacheni mtoto aimbe."

Kwa mama, kwa muuguzi, na kwa wasusi wenzake, sisi wa kipindi hiki tunawapa pole nyingi. Mungu amlaze pema.

Na wewe unayempenda msanii, jiulize leo: umemfuata mpaka wapi? Tumeambiwa baadhi ya mashabiki wameanza kurekodi nyumba yenye msiba, mlango, madirisha, ili waposti. Mama yao anaogopa kufungua pazia. Ukienda kuwapa mkono, simu iache mfukoni.