Edson Masele, Aliyefia Mahali Tusipoambiwa

Ndugu waombolezaji, naomba kila mmoja wenu avute picha ya mzee amesimama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, lililotitia nje kidogo ya Katoro, akikodolea macho kila mwili unaotolewa kwenye tope, akimtafuta mwanawe ambaye hakuwahi kushuka humo. Mzee huyo ni kaka yangu, Masele, amekaa pale mbele, na mwanawe ndiye tunayemzika leo.

Marehemu Edson Masele alizaliwa tarehe 14 Agosti 1991 hapa Songwa, mtoto wa tatu wa Mzee Masele na Mama Nyamizi, akaanza shule ya msingi mwaka 1999, alikokuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, kisha akasoma sekondari hadi mwaka 2009. Alijiunga na jeshi mwaka 2012, na tarehe 18 Juni 2016 alifunga ndoa na Martina Kalisti, kule Maganzo, wakajaliwa watoto wawili, Violeth, aliyezaliwa mwaka 2018, na Sikujua, ambaye bado ananyonya.

Mwaka 2023 alichaguliwa kuingia kikosi maalumu, timu ya watu wachache wanaopelekwa nchi za watu kupambana na magaidi, na tangu hapo yule mpenda maneno akawa mtu wa kujibu "nipo, msijali". Sisi hatukuyajua hayo hadi alipofariki. Oktoba 2024 alituaga akisema amepangiwa ulinzi wa mgodi porini huko Geita, mtandao unasumbua, nasi tukaamini, maana nani huku kwetu hana ndugu aliyepotelea kwenye dhahabu akarudi baada ya mwaka? Lile duara la Katoro, hukohuko Geita, lilipotitia Februari iliyofuata, kaka alipanda basi siku hiyohiyo, na wachimbaji walipomsikia akiulizia mwanajeshi wakamcheka, "Mzee, humu tunashuka na sululu, siyo bunduki. Mwanao ana mke mwingine mjini, rudi nyumbani ukale." Alirudi na maneno hayo, na Martina, ambaye naye ni binadamu, akamtumia mumewe ujumbe, "Baki naye huyohuyo." Ujumbe ule haujafika hadi leo. Edson hakuwa mwongo, ndugu zangu, aliagizwa kusema vile.

Sehemu ya ugonjwa na kifo, ambayo kwa kawaida husomwa kwa tarehe na mahali, naisoma kama tulivyopewa: alifariki katikati ya Machi 2025, nje ya nchi, akiwa kazini. Ofisa aliyeleta jeneza alisema lisifunguliwe, ndiyo maana leo hatutamuaga kwa kumwona uso. Mama Nyamizi hakulia, alimwuliza tu, "Mwanangu, nje ni wapi?" Akajibiwa, "Mama, hilo siruhusiwi." Mama akasema, "Hata ng'ombe akifia malishoni, mchungaji hutupeleka akatuonyesha mahali."

Sisemi magaidi waachwe, wameua watoto wa wenzetu, na Edson alikwenda kuwazuia. Ila tunaelezwa kwamba timu ndogo ni nzuri kwa sababu haina kelele, inaingia na kutoka bila nchi kujua, nami nauliza, nchi isipojua kwamba ameingia, nani atadai atoke?

Familia inawashukuru majirani wa Songwa na Maganzo, Bwana Liaquat aliyeleta turubai na mchele bila kuombwa, na wale vijana wawili, wenzake wa kazini, waliokuja na nguo za kiraia wakakataa kutaja majina, tumewaona mnavyolia. Madaktari nao tunawashukuru, kama alikuwapo hata mmoja aliyemshika mkono. Pumzika, Edson, hakuna tena wa kukuamsha kwa amri.

Nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Violeth ataanza kuuliza baba yake alifia wapi, na mtu mzima akiulizwa na mtoto hupenda kujibu chochote ili apite. Tafadhali, msimtungie mahali. Mwambieni hatujaambiwa, na kwamba bibi yake bado anauliza.