Bi Rejea na Kielelezo cha Nne

Ijumaa tarehe 28 Juni, saa kumi kamili jioni, mhariri wa miswada wa jarida letu la ufundishaji wa uhandisi atakabidhi funguo na kwenda nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika chuo hiki: mitano karakana na ishirini na sita katika chumba hiki chenye madirisha mawili, moja likiwa halifunguki tangu tulipoingia. Jina lake la kwenye cheti wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine, kuanzia mfagiaji hadi mkuu wa chuo, tunamwita Bi Rejea.

Jina hilo lilianza kama lalamiko. Wahadhiri wetu huchunguza namna bora ya kumfundisha mwanafunzi wa uhandisi, huandika walichokiona, na miswada yao huletwa kwetu. Wapitiaji wakishaikubali, Bi Rejea huisafisha lugha, hulinganisha kila jedwali na maelezo yake, na huhakikisha kila kitabu kilichotajwa kipo kweli duniani. Kisha mimi hupanga kurasa. Pembeni mwa mswada aliandika neno moja tu, "Rejea", na mwandishi alipaswa kujua kwamba kuna kitu hapo hakijakaa sawa. Mhadhiri mmoja alirejeshewa kazi yake mara sita. Mara ya sita alisimama mlangoni akauliza kama Bi Rejea yupo, na jina likamganda.

Aliingia chuoni kama fundi wa kuchomelea vyuma, mmoja wa wanawake wawili karakana nzima. Alikuwa na mkono mtulivu na ulimi usiokwepa. Mashine ilipoharibika, mafundi wenzake walimsukumia yeye kazi ya kuandika taarifa, kwa sababu taarifa zao zilirudi na maswali na zake zilirudi na vipuri. Taarifa mojawapo ilimfikia mhariri mkuu wa wakati huo, akaisoma, akashuka mwenyewe karakana kumtafuta aliyeiandika. Bi Rejea aliazimwa na ofisi ya jarida kwa miezi mitatu. Karakana bado inamdai.

Digrii yake ya lugha aliipata akiwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu, akisoma vitabu jikoni huku mwiko mkononi. Binti yake wa pili, ambaye sasa ni muuguzi, ametusimulia kwamba barua alizomwandikia mama yake kutoka shule ya bweni zilirudi kwake zikiwa zimesahihishwa. Chini ya mojawapo palikuwa na maneno haya: "Nakupenda sana, mwanangu. Aya ya pili haieleweki."

Waandishi walimwogopa kwa wiki ya kwanza, na baada ya hapo hawakutaka mhariri mwingine. Yupo daktari wa falsafa aliyeleta sentensi yenye maneno tisini na manne. Bi Rejea hakuikata. Alimpigia simu, akamwomba kwa adabu zote aisome kwa pumzi moja. Bwana yule alifika katikati, akakohoa, kisha tukasikia sauti yake ikitoka kwenye simu: "Nimekuelewa, mama."

Lakini wasifu huu ungekuwa na pengo kubwa kama ningeacha kusimulia yaliyotokea miaka saba iliyopita. Mimi niliyaona yote, kwa kuwa meza yangu inatazamana na yake.

Mwaka ule mhadhiri kijana wa ufundi metali alituletea makala iliyowasisimua watu. Alikuwa amewachukua wanafunzi arobaini wa mwaka wa pili na kuwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilianza kujifunza kuchomelea kwa kompyuta, kwa kuvaa kofia maalumu na kushika kijiti cha bandia kisichotoa cheche. Kundi la pili lilikwenda moja kwa moja kwenye moto wa karakana. Mwisho wote walichomelea vipande vya chuma, na viungo vikapimwa. Katika kundi la kompyuta walifaulu kumi na saba kati ya ishirini. Katika kundi la karakana walifaulu wanane.

Wapitiaji waliisifu. Profesa, mhariri wetu mkuu, alikwishaandika utangulizi wa toleo wenye aya mbili nzima za pongezi. Chuo nacho hakikungoja wino ukauke: ulianza mpango wa kupunguza saa za karakana kwa nusu na kugeuza karakana moja kuwa chumba cha kompyuta. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alikwishakuja na futi kupima milango.

Zilibaki siku tisa kabla ya kwenda mitamboni. Mwandishi alileta ombi dogo: picha ya Kielelezo cha Nne ing'arishwe, kwa sababu kasoro hazikuonekana vizuri. Picha ilionyesha viungo vinane vilivyokatwa katikati, vinne vya kila kundi. Niling'arisha, nikachapa, nikamsogezea Bi Rejea.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akachukua kikuza chake cha kioo kutoka kwenye droo, akainama. Viungo vinne vya kundi la karakana vilijaa vitundu vidogo vya mviringo, kama vya mkate uliomumuka vizuri.

"Hii si mikono ya wanafunzi," alisema.

Nilimwambia mimi naona vitundu tu. Akanieleza kama anavyomweleza mtu asiyewahi kushika chuma cha moto, yaani mimi: mkono mbaya hukosea kwa namna nyingi. Huyu hupinda, yule huacha mapengo, mwingine huunguza kupita kiasi. Watu wanne hawawezi kukosea kwa kufanana hivyo. Vitundu vya namna ile huletwa na vijiti vya kuchomelea vilivyoingia unyevu. Alijitupia mtandio begani, akatoka, nami nikamfuata.

Karakana alimkuta mtunza stoo, mzee mmoja tunayemwita Babu Kufuli kwa sababu hufunga hata kabati tupu. Bi Rejea aliomba daftari la stoo la muhula ule. Kilikuwamo ndani yake kila kitu, kwa mwandiko uliolala: tanuri dogo la kuweka vijiti vikiwa vikavu liliharibika na kukaa siku kumi na moja bila kutengenezwa, wakati wa mvua. Kundi la kompyuta lilipimwa kabla ya tanuri kufa. Kundi la karakana lilipimwa siku ya tisa.

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Babu Kufuli. "Ningeulizwa, ningesema."

Hakuna aliyeficha kitu. Mhadhiri hakujua kwamba kuna swali la kuuliza, basi. Lakini makala ile ilikuwa inasema moto wa karakana haufundishi, kumbe kilichoshindwa ni vijiti vilivyolowa.

Bi Rejea angeweza kupanda moja kwa moja kwa Profesa. Alichagua kumwita kwanza mwenye kazi. Kijana alikuja akiwa na furaha, akidhani anaonyeshwa kurasa. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa ikutane mwezi uliofuata, na makala ile ndiyo iliyokuwa tegemeo lake. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wewe hariri lugha, mama," alisema. "Hesabu niachie mimi."

"Hesabu zako hazina doa, mwanangu," Bi Rejea alimjibu. "Vijiti vyako ndivyo vilivyolowa."

Kijana aliondoka bila kubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Bi Rejea hakugusa chakula chake cha mchana mara mbili. Alichonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa. Siku moja aliniambia, bila kuinua uso, kwamba anaogopa. Kwamba mtoto wa mwenzake amehangaika miaka mitatu, na yeye kwa kikuza cha droo amemvunjia ngazi akiwa katikati. Nikamuuliza kama basi angenyamaza. Alinitazama kana kwamba nimemtukana, akaendelea kuchonga. Jumatano alimpelekea kijana kikaratasi chenye mistari miwili: "Ijumaa saa nne nitakwenda kwa Profesa. Ningependa twende wote."

Ijumaa saa nne kasorobo mlango ulifunguka. Kijana aliingia na kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Pindo la mkono wa shati lake lilikuwa limetoboka kwa cheche, na alionekana kama mtu ambaye hajalala vizuri lakini amepumzika moyo. Alifungua gazeti mezani. Vilikuwa vipande viwili vya chuma alivyochomelea kwa mkono wake mwenyewe karakana kwa Babu Kufuli, kimoja kwa vijiti vikavu, kingine kwa vijiti alivyoviacha vilowe. Alikuwa amevikata katikati. Kimoja kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa na vitundu kama vya kwenye picha.

Bi Rejea alipitisha kidole juu ya kile kilicho safi, akasema, "Mkono wako si mbaya." Kijana akacheka, macho yakiwa na maji.

"Twende, mama," alisema, nami nikawafuata.

Profesa alisikiliza huku akivua miwani, akiifuta, akiivaa, akiivua tena. Alipomaliza kutazama vile vyuma alisema, "Mmeniharibia wiki." Kisha akavuta utangulizi wake wa kurasa mbili, akauchana taratibu, akasema, "Heri wiki kuliko jarida."

Toleo lile lilitoka bila makala ile, jembamba hata wasomaji wakalibatiza jina la Toleo Lililofunga. Mpango wa kupunguza saa za karakana uliwekwa pembeni hadi uchunguzi urudiwe. Mwaka uliofuata kijana alichukua wanafunzi arobaini wengine, vijiti vya tanuri moja, mtihani siku moja. Safari hii walifaulu kumi na sita wa kompyuta kwa kumi na watano wa karakana. Tofauti ile ya kutisha ikayeyuka, na mahali pake kikaonekana kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta: walioanza na kompyuta walishika kijiti kwa utulivu zaidi, na walioanza na moto walikuwa wepesi kuona makosa yao wenyewe kwa macho. Makala mpya ilishauri vyote viwili vifundishwe kwa kuchanganywa. Karakana zote zipo hadi leo. Mkuu wa kitengo alikunja futi yake.

Kijana alipanda cheo mwaka mmoja baadaye kuliko alivyotarajia. Leo ni mmoja wa wapitiaji wetu, na hakuna mwenye maswali ya kukera kumshinda. Swali lake la kwanza kwa kila mwandishi ni kama amezungumza na mtunza stoo.

Makala mpya ilipokamilika, kijana alimwomba Bi Rejea akubali jina lake liwe miongoni mwa waandishi. Waliodhani atasema "mimi ni nani" walikosea. Alikubali papo hapo na kumpigia simu dada yake. Ila kulikuwa na kanuni: mwandishi hawezi kuhariri kazi yake mwenyewe, kwa hiyo usahihishaji wote ulinidondokea mimi. Nilikagua majedwali, nikakagua marejeo, nikakagua kila koma. Sikukagua majina ya juu. Herufi moja ya jina la ukoo wake ilidondoka, na ukoo wenye heshima zake ukageuka kuwa mdudu.

Nilimpelekea nakala. Aliisoma, akaangua kicheko hadi Profesa akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Alisema wifi yake amekuwa akisema hivyo hivyo miaka yote. Toleo lililofuata tulichapisha sahihisho la sentensi moja. Aliihariri mwenyewe. Nilirejeshewa mara mbili.

Jumanne iliyopita mume wake, ambaye ni seremala, alikuja kumsaidia kubeba vitabu. Bi Rejea alikuwa ameitwa kwa mkuu wa chuo, tukabaki naye. Ni mtu mpole, mwenye maneno machache. Alituuliza, kwa aibu kidogo, ni kazi gani hasa mke wake amekuwa akiifanya humu ndani. Nyumbani, alisema, ukimuuliza siku imekwendaje hujibu "tumesahihisha", basi. Tukamsimulia haya niliyoyaandika hapa, Profesa akidakia, mimi nikidakia. Alisikiliza akiwa amesimama na boksi mikononi. Tulipomaliza aliliweka chini, akalikalia, akaomba aione hiyo makala.

Aliisoma yote, kurasa kumi na nne, majedwali na ikisiri, kidole kikifuata mstari. Dereva wa gari alipiga honi mara mbili hapo nje; hakuinuka. Alipofika mwisho alikiri kwamba nusu yake hakuielewa. Kisha akauliza kama anaweza kupata nakala tatu, moja kwa kila mtoto, na kama inawezekana tusimwambie mwenyewe kwamba ameziomba. Tulimwahidi. Samahani, shemeji, kalamu imetuponyoka.

Bi Rejea, kwa niaba ya waandishi mia nne na zaidi uliowapunguzia maneno, wanafunzi wasiojua kwamba wana deni kwako, na meza inayotazamana na yako, tunasema asante. Umetufundisha kuuliza kabla ya kushangilia, na kumfuata mwenye kosa kwanza kabla ya kumfikisha kwa mkubwa wake. Nenda kwa mumeo, watoto na wajukuu ukiwa na afya na moyo mweupe. Mungu akuzidishie siku, na kila asubuhi ikukute unakunywa chai bila haraka, ikiwa bado ya moto.