Poudre Kichwani, Promotion Hakuna

Hebu wewe unieleze: mtu akishamwagiwa poudre kichwani, mbele ya watu, jina lake limesomwa kwa sauti, nani ana haki ya kurudi kumwambia kwamba hajulikani alipo?

Usijibu haraka. Watu wa kijiwe cha Papa Mahmoudi walijibu haraka, na utaona walipofika. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, commune ya Kisangani, kwenye njia ya kushukia maporomoko ya Wagenia, mbele ya depot, ghala la bidhaa, ya Mama Kavugho. Papa Mahmoudi anapika kahawa ya tangawizi, wateja wanapika maneno. Siku hiyo walikuwapo Eddy, aitwaye Repêchage, yaani mtihani wa kuokolewa, kwa sababu alikaa chuoni miaka mingi kuliko baadhi ya majengo yake. Daudi, aitwaye Arbitre, mpuliza filimbi wa mechi za mtaa wa Kapalata. Na Osée, aitwaye Dossier, mwenye licence, digrii, ya uchumi. Jina hilo alipewa kwa sababu kila ofisi anayobisha hodi humwambia kwamba dossier yake, faili lake, iko en cours, bado inashughulikiwa. Imekuwa en cours tangu nywele zake zilipokuwa zote kichwani. Mama Kavugho peke yake hana jina la utani. Hakuna aliyethubutu.

Sasa ujue jambo moja. Huku Kisangani matokeo ya chuo hayapokelewi kwa kupeana mkono. Siku ya proclamation, ya kutangaza matokeo, jina likisomwa, ndugu wanafungua mkebe wa poudre, ile ya kupaka watoto wachanga, wanaumwaga wote juu ya aliyepita, mpaka awe kama mtu aliyedumbukia ndani ya gunia la fufu. Anapita hivyo barabarani, mweupe, mji wote unampigia honi. Jana yake Ramla, binti wa Papa Mahmoudi, alisomwa kwamba ameshinda mwaka wa pili. Wenzake wakammwagia papo hapo, kwenye uwanja wa chuo. Poudre ya familia ndiyo ilikuwa bado, na hiyo ndiyo yenye uzito.

— Bon, munisaidie, alisema Papa Mahmoudi huku akipepea makaa. Mama Safiya, mama yake Ramla, iko ku nyumba na mikebe. Shangazi ya mutoto amevuka mutoni toka Lubunga. Banangoja paka neno yangu tu. Bamwage ama bafunge?

— Bamwage! alisema Daudi. Filimbi imelia, goli ni goli.

— Bafunge, papa, alisema Eddy.

Ubao wote uligeuka. Eddy alichovya mkate wa mafuta ndani ya kahawa, taratibu, kama mkuu wa jury, baraza la kutangaza matokeo.

— Ramla iko natrainer cours, somo moja ya mwaka wa kwanza. Statistique, ile hesabu ya takwimu. Sivyo? Alors, mwaka wa tatu batamufungia mulango. Banasema hivyo ku chuo tangu asubui.

Papa Mahmoudi aliweka upepeo chini.

— Mutoto amesomwa mbele ya batu, Eddy. Nilisikia na masikio yangu.

— Kusomwa ni kitu ingine, papa. Miye nilisomwaka mara nyingi sana.

— Weye balikuwa bakikusoma ku mwisho, na bale ba kurudia! alidakia Mama Kavugho kutoka mlango wa depot yake. Akavuta kiti, akaja. Mama huyo akiona kijiwe kimechemka huacha hata mteja mwenye noti mkononi.

Papa Mahmoudi akamtazama Osée.

— Dossier, weye njo ulisoma. Ulimufundisha mutoto Statistique hapa hapa ku banc. Nielezee kama mutu ambaye hakufika ku chuo.

Osée alivuta pumzi. Mambo ya chuo yalimpanda kichwani kama malaria ya zamani. Yeye alisoma chini ya mfumo wa kale: mwaka ni mwaka, unapita wote au unaurudia wote, na mgomo wa maprofesa ukiingia katikati unazeeka ukiwa umekaa. Huu mpya aliujua kwa kumsaidia Ramla.

— Papa, sikiliza. Siku hizi kila cours inasimama yake peke. Ukipata kumi juu ya ishirini, ni yako, hakuna mutu atakunyanganya. Ukikosa kidogo, banakuacha unapanda mwaka, lakini ile cours inakufuata nyuma. Njo kutrainer. Unairudilia pamoja na bale badogo.

— Ni muzuri hiyo.

— Ni muzuri sana. Ku karatasi hata pondu ya majani tupu iko na nyama. Mwaka wa kwanza, Ramla alikosa Statistique. Akapanda. Mwaka huu akangoja profesa wa Statistique arudie cours. Profesa ni visiteur, anatoka Kinshasa na ndege. Akakawia, akakawia, akatokea semaine, ile juma ya mwisho, akafundisha mbiombio, examen akaiweka asubui ile ile Ramla iko mu examen ya mwaka wa pili. Mutoto alikuwa na mwili moja tu, papa. Akaenda ya mwaka wa pili. Akashinda zote.

— Zote?

— Zote. Balimusoma vizuri. Lakini kuna article, kifungu ya sheria ya chuo, inasema mwaka wa tatu hauingii kama ungali na cours ya mwaka wa kwanza mugongoni.

— Na ile article, balimusomea siku gani?

— Ah, papa. Articles hazisomwake. Zinakuangukia.

Papa Mahmoudi akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa tayari kimejaa. Asubuhi hiyo Ramla alikuwa ameenda apparitorat, ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Uandikishaji ulikuwa unafungwa saa nane mchana, na asiyeandikwa hiyo siku anakaa nyumbani mwaka mzima akiangalia wenzake wakipita.

— Miye naona hivi, alisema Mama Kavugho. Chuo ni depot. Mali ya safari ya kwanza ingali mu camion, chauffeur anataka kupakia ya tatu. Nani atakubali?

— Mama, mutu si gunia ya maharagi, alisema Osée.

— Gunia ya maharagi najua iko wapi! Ya weye na licence yako haijulikane!

Kicheko kilizunguka ubao. Osée naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

— Bachaneni na magunia, alisema Daudi. Mutoto iko na kadi ya manjano. Kadi ya manjano unacheza nayo. Article gani inatoa mutu inje juu ya manjano moja?

— Iko na faute, kosa ya match ingine, alisema Eddy. Ile ya mwaka wa kwanza.

— Donc akae ku banc ya baremplaçants, bale ba akiba, mpaka mi-temps, nusu ya mchezo!

— Mi-temps ya mwaka ni siku gani?

— Iyo bitu mutauliza comité ya chuo. Miye napiga filimbi tu.

Eddy akasogea, akashusha sauti, kama anayefichua siri ya serikali.

— Munajua shida iko wapi? Jury iko mbili. Ile munaona, na toge, ile joho nyeusi, na kofia, inakusoma. Kisha kuna jury ingine, ya chini chini, inadélibérer, inaamua upya, juu ya ile ya kwanza. Miye ile ya kwanza ilikuwaka inanipitisha kila mwaka. Ya pili njo ilinimaliza.

— Ile jury ya pili inaitwa uvivu, alisema Mama Kavugho.

— Apana, mama, Eddy ana haki kidogo, alisema Daudi. Lakini hajaenda mbali. Ule profesa visiteur, nani amemuona na macho? Syllabus inafika, examen inafika, cote, alama za mutihani, zinafika. Mutu mwenyewe? Mi nasema alikufa kitambo. Syllabus yake njo inapanda ndege peke.

— Ramla amemuona, alisema Papa Mahmoudi kwa udhaifu.

— Amemuona ku mugongo, papa! Mu taxi! Mugongo si profesa!

— Kufa hajakufa, alisema Mama Kavugho. Kaka yangu mudogo anasoma ku Beni, anafundishwa Statistique na profesa wa jina ile ile. Fortunée, mutoto ya dada yangu ku Bunia, pia. Semaine ile ile! Ule baba amejigawa. Iko kila fasi, njo maana hayuko fasi yoyote.

— Ayiii! ubao wote ukalia.

Osée aliwaacha wacheke. Kisha akaweka kikombe chini.

— Munacheka. Sasa sikilizeni ya miye. Mutu akiwa mwanafunzi, si chômeur, si mutu bila kazi. Ni kweli ao si kweli?

— Ni kweli.

— Akimaliza, siku ile ile amekuwa chômeur. Poudre ingali ku masikio, tayari ni chômeur. Serikali inafanya nini? Kazi haina. Inatia mulango mu mwaka wa tatu. Inamushika mutu kule ndani, anatrainer hii, anatrainer ile, mpaka ndevu, mpaka bajukuu. Chômage, ukosefu ya kazi, inashuka, banapigiwa makofi. Hawana shida na Statistique ya Ramla, papa. Ramla njo statistique yao!

Maneno ya Eddy yalikuwa ya kuchekesha, ya Daudi yalikuwa ya kichaa, lakini haya ya Osée yalikuwa na ubaya wa kufanana na kweli.

— Ndeko, ndugu yangu, alisema Daudi, weye hasira itakuua kabla ya nzala ya tumbo.

— Ziko zinashindana, alisema Osée.

Hapo ndipo Ramla alipotokea. Alishuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, akamshukuru dereva, akaja akitembea polepole. Poudre ya jana ilikuwa bado imeganda kwenye misuko yake na nyuma ya masikio. Haioshwi kabla ya ile ya familia. Watu waliokuwa wakishuka Wagenia walimpigia vigelegele. Yeye akawaitikia kwa mkono, kwa adabu, bila kuonyesha meno.

— Mbote, ba papa. Mbote, Mama Kavugho.

— Balikuandika? aliuliza Papa Mahmoudi.

Ramla akakaa kwenye ncha ya ubao, karibu na Osée.

— Nilienda ku guichet, ku dirisha ya mwaka wa tatu. Balisema: uko na cours ya mwaka wa kwanza, ondoka. Nikaenda ya mwaka wa pili, nikasema basi niandikeni huku, nitarudilia. Balisema: utarudilia nini? Mwaka wa pili umeimaliza yote, hakuna cours hata moja ya kukupatia. Nikaenda ya mwaka wa kwanza. Ule mama wa guichet akaangalia kichwa yangu, akacheka, akasema: mwenye amesomwa hawezi kurudi kwa badogo, ungoje profesa.

— Anakuja siku gani?

— Nilimuuliza. Akasema hiyo si service yake.

— Na doyen, mukubwa wa faculté?

— Iko en mission, safari ya kazi.

— Secrétaire wa faculté?

— Yuko, lakini anasema article ni wazi, wanafunzi ndio hawasome.

Ramla akawatazama mmoja mmoja, watu wazima wote hao waliokuwa wamemjua tangu akitumwa sukari.

— Tonton Daudi, Ya Eddy, Ya Osée. Miye sitaki mambo mingi. Cours zinaanza kesho. Nitavaa, nitabeba sac, nitafika ku chuo. Niingie auditoire gani, ukumbi gani?

Daudi akatafuta filimbi mfukoni, sijui ya kumpulizia nani. Eddy, aliyekalia kila auditoire ya chuo kile, kila moja mara mbili, akatazama viatu. Mama Kavugho aliitwa na mteja, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze akaitika upesi. Na Osée, aliyemfundisha binti huyo wastani na uwezekano, akapiga hesabu yote kichwani: mwaka wa kwanza hapana, wa pili hapana, wa tatu hapana. Jibu lilitoka sifuri, na sifuri ilikuwa imekaa karibu naye, ikinuka poudre.

— Basi nimuambie Mama Safiya nini? aliuliza Papa Mahmoudi. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bamwage? Bafunge? Shangazi amevuka muto.

Sufuria ya kahawa ilikauka juu ya makaa, ikaanza kunuka, naye hakuitoa.

Osée akachomoa simu. Kwenye forum ya WhatsApp ya faculté walikuwamo wote: doyen, secrétaire, maprofesa, hata visiteur mwenyewe. Osée naye alikuwamo bado. Alipomaliza chuo walisahau kumtoa kwenye forum. Akasimama, akabonyeza alama ya sauti, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupiga kelele.

— Monsieur le doyen, monsieur le secrétaire, na weye profesa wa Statistique, mbote. Jina yangu ni Osée, nilimaliza kwenu, sina kazi, kwa hiyo niko na muda ya kungoja. Iko hapa mutoto anaitwa Ramla Mahmoudi. Jana mulimusoma mbele ya bazazi yake, leo munasema hana mwaka. Sitaki article, article tumeisikia. Kabla guichet haijafungwa saa nane, mutujibu: promotion gani, mwaka gani, auditoire gani, na ile examen mulimukosesha mutamupa siku gani. Kama amepita, mumuandike. Na kama munasema hakupita, basi moja wenu, mwenye toge, aje hapa mwenyewe na ndoo ya maji, amuoshe hiyo poudre kichwani na mikono yake, mama yake akiangalia.