Ziwa Lilikuwa Wazi, Nami Nilikuwa Mgonjwa

Wenzangu, mama aliyeniletea kiti asikasirike. Nitasema nikiwa nimesimama, na nikianza kutembea huku na huku mnivumilie. Sababu mtaijua kabla sijamaliza.

Wengi wenu tulivuka ziwa hili pamoja, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Kenani chini ya mahema. Mume wangu hakuvuka. Mimi nilivuka na mke wa mwanangu, na baadaye tukaja huku Nchelenge kuanika chisense, samaki wetu wadogo wanaokaushwa mchangani. Kazi hiyo mnaijua. Unawatandaza asubuhi, unawageuza jua likipanda, na macho hayatoki mawinguni. Niliipenda. Mwili ukiwa na kazi, kichwa hakipati nafasi ya kusema mengi.

Kisha mwezi wa kumi na mbili ziwa likafungwa, kama kila mwaka, ili samaki wazaliane. Nyavu zikapanda juu ya paa. Ndipo miguu yangu ilipoanza.

Msifikiri nililia. Sikulia hata mara moja. Nilitembea. Kutoka nyumbani hadi ufukweni, kutoka ufukweni hadi nyumbani, bila shughuli yoyote. Nikikaa, kitu kilinisukuma kifuani kana kwamba kuna sufuria nimeiacha motoni. Ugali ulikuwa kama udongo mdomoni. Mgongo uliuma, majina ya watu yalinipotea, naamka jogoo bado hawajafikiria kuwika. Majirani walisema, "Ni uzee." Mmoja alisema nimelogwa. Mimi nilikuwa na jibu langu: ziwa limefungwa, likifunguliwa nitapona.

Nalo lilipofunguliwa, mwezi wa tatu, nikapata nafuu. Mnaona jinsi nilivyodanganyika? Jibu langu lilionekana la kweli.

Mwaka wa pili likafungwa tena, na safari hiyo nilikonda hadi kitenge kikawa kinanizunguka mara mbili. Mke wa mwanangu akanipeleka kliniki. Nesi alisema Kibemba, yeye akanitafsiria. Nesi hakuniuliza juu ya wachawi. Aliuliza ninalala saa ngapi, ninakula nini, na ni kitu gani nilikipenda zamani ambacho sasa sikitaki. Hilo la mwisho nikalijibu: chai yangu. Akasema ni ugonjwa wa moyo kuzama, ule ambao vitabu vya Kiswahili huuita sonona, na kwamba si uzee. Mzee anaweza kuwa na miaka mingi na bado akafurahia chai yake. Akanipa vidonge. "Bamayo," alisema, yaani mama kwa Kibemba, "hata ukijisikia mzima, usiache bila kuja hapa."

Nilivinywa. Wiki za kwanza sikuona kitu, kisha polepole chumvi ikarudi kwenye chakula. Ziwa likafunguliwa, nikarudi mchangani, nikacheka na wenzangu. Basi nikachukua pakiti ya dawa nikaifunga ndani ya furushi la nguo. Nikasema moyoni, hii ni dawa ya wakati wa kufungwa. Nitaitoa mwezi wa kumi na mbili.

Ndugu zangu, nawaambia, hilo ndilo kosa langu, na hakuna aliyenifundisha. Nililitunga mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja, ziwa likiwa wazi na samaki ni tele, miguu ikaanza tena. Sikumwambia mtu. Siku moja wenzangu watatu waliniachia chisense zao wakaenda kula. Wingu likaja kutoka upande wa Chienge, nikaliona. Nililiona vizuri kabisa. Nikawa nazunguka wale samaki, nazunguka, wala mkono haukuinama. Mvua ikawanyeshea wote mbele ya macho yangu.

Nilikwenda nyumbani, nikabeba furushi langu, nikarudi penye mitumbwi kutafuta wa kunivusha. Nitawaambia ukweli: sikuwa nafikiria ng'ambo. Nilikuwa nafikiria katikati ya maji, kwamba pale sitamharibia mtu kitu tena.

Akanifuata mmoja wa wale watatu. Nilingoja matusi. Akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akakamua kitenge chake.

"Mama, samaki imeoza," akasema. "Weye pia unataka kuoza apa?"



"Unaenda wapi na mufuko?"

"Ng'ambo."

"Kwa nani?"

Kwetu hakubaki mtu. Akalivuta furushi, akalifungua bila kuomba ruhusa, kama dada mdogo mtundu. Akaona pakiti.

"Na hii?"

"Ni dawa ya wakati ziwa inafungwa."

Akaangalia ziwani. Mitumbwi ilikuwa inaingia, watu wakiitana, nyavu zimejaa. Akanirudishia macho. "Na leo ziwa iko namna gani, mama?"

Nilitazama.  Ziwa lilikuwa wazi, nami nilikuwa mgonjwa. Basi sababu haikuwa ziwa. Nikaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza nikasema kwa sauti nilichokuwa nakifikiria juu ya katikati ya maji. Hakushtuka. Alinishika mkono hadi kliniki, hakuuachia hata njiani.

Nesi hakunigombeza. Alinieleza kwamba kwa watu wa umri wetu ugonjwa huu huenda na kurudi. Mwenye presha hangoji kichwa kiume ndipo anywe dawa, na mimi nisingoje. Tangu hapo ni miaka minne. Umerudi mara moja, mdogo, tukaukamata mapema. Sijawa yule mwanamke niliyekuwa kabla ya kuvuka, sitawadanganya. Lakini chai yangu naifurahia. Ziwa likifungwa, yule mwenzangu huja asubuhi tukapalilie mihogo. Akifika hasemi pole. Husema, "Mama, jembe yako inakulilia."

Namshukuru yeye, samaki wake sikuwahi kumlipa wala hakuwahi kuwataja. Namshukuru mke wa mwanangu, na nesi aliyeuliza badala ya kuhukumu.

Sasa mjue kwa nini nimesimama. Ziwa halijafungwa bado, na tangu juzi miguu yangu imeanza. Jana nilimwambia mke wa mwanangu na yule mwenzangu. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki, siku yangu ya kawaida ikiwa bado, na dawa nimeinywa leo.

Nawe uliyenisikiliza, kama una ugonjwa kama wangu, fanya jambo moja. Ugonjwa wako una alama yake ya kwanza, iwe miguu, iwe usingizi, iwe chakula kukosa ladha. Leo, kabla hujalala, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako alama hiyo, na umwombe akiiona akupeleke kliniki hata ukikataa.