Dirisha la Dawa la Bi. Odilia na Jicho la Mzee wa Kanisa

Bi. Odilia Shirima ameshika dirisha la dawa la zahanati yetu kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne. Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, analifunga, anamkabidhi ufunguo Given, mfamasia msaidizi, na kwenda zake nyumbani Tarakea, Rombo. Serikali inasema amefikisha miaka sitini. Sisi walinzi tunaokaa getini tunasema alizaliwa nayo.

Alifika hapa Machame Mei 1993 akiwa na sanduku la bati na Kichagga cha Rombo ambacho kwetu hakuna aliyekielewa. Mkatoliki mmoja katikati ya Walutheri. Wazee wa wakati ule walimpa miezi mitatu. Wengi wao tumeshawazika, wala si kwa kosa la dawa zake.

Utaratibu wake mnaujua. Dawa haitoki dirishani mpaka mgonjwa arudie maelekezo kwa sauti: mara ngapi, saa ngapi, na nini kisiguswe. Ukikosea, unarudi nyuma ya foleni kama mtoto aliyeshindwa kipaimara. Mwalimu mkuu mmoja alirudishwa mara mbili kwa dawa ya minyoo. Hata mganga wetu mfawidhi alipougua malaria alisimama pale akarudia dozi aliyojiandikia mwenyewe, na akakosea.

Lakini wasifu usio na kosa ni wa marehemu, na huyu bado anakula. Basi tulitaje la Mzee Eliaichi, kwa ruhusa yake mwenyewe.

Krismasi moja, Mzee Eliaichi, mzee wa kanisa mwenye tai tatu, alisumbuliwa na kichefuchefu na tumbo kujaa. Daktari akamwandikia vidonge vidogo vyeupe vya siku tano: kimoja mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya kula, bila pombe, maana vinaleta usingizi. Alirudia yote dirishani kama Sala ya Bwana. Tatizo ni kwamba Krismasi Mmachame hali mara tatu tu. Kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, unachoingia unawekewa sahani, na kuikataa ni matusi. Mzee akawa anameza kimoja kabla ya kila sahani. Mbege nayo, pombe yetu ya asili, akaihesabu chakula, kwa sababu ina ndizi na ulezi, na kama hiyo si chakula basi hata uji si chakula.

Siku ya tatu alirudi kuomba vingine, anayumba, ananukia sherehe. Hapo ndipo Odilia alipokosea. Badala ya kumwita pembeni, alisema foleni nzima ikisikia: "Shikamoo mzee wangu, lakini dawa hii na mbege havilali kitanda kimoja. Nenda kalale, urudi ukiwa mtu." Foleni ilicheka. Mzee hakucheka. Aliapa hakanyagi tena mahali anapotukanwa na Mrombo, akawa ananunua vidonge vilevile mjini Moshi kwa kuonyesha pakiti tupu. Alikwenda hivyo miezi minne.

Kufikia Pasaka, jicho lake la kulia lilianza kukonyeza lenyewe. Jumapili moja, akisoma matangazo, alimkonyeza Veronika, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mara nne ndani ya tangazo moja la harambee. Mara ya tano ulimi nao ukatoka. Sauti ya pili ikapotea kwaya nzima. Mke wa Mzee akahamia benchi la mbele. Baraza la wazee likapanga kikao cha Jumamosi cha kumvua uzee, na yeye hakuweza kujitetea, maana kila akifungua mdomo taya linakwenda pembeni.

Veronika alipokuja kuchukua dawa zake za presha, aliyamwaga yote dirishani. Odilia akamuuliza kitu kimoja tu: huo ulimi unatoka wenyewe? Unatoka kama wa mjusi, dada, alijibu Veronika, na mimi ni mjane, watu watasemaje. Odilia akafunga dirisha saa tano asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alijua kwamba dawa ile ikizidishwa na kumezwa muda mrefu, uso wa mtu huanza kucheza bila ruhusa yake, na asipowahiwa huenda usitulie tena maisha yake yote.

Angekwenda mikono mitupu asingefunguliwa mlango. Akachuma jani la isale kwenye uzio wa zahanati, akapanda nalo kilima mpaka kwa Mzee. Mchagga akiletewa isale hana ujanja, lazima asamehe, awe wa Machame au wa Rombo. Mzee alilitazama lile jani muda mrefu, jicho likimkonyeza Odilia naye. Odilia hakucheka. Aliomba radhi kwa kumwaibisha mbele za watu. La mbege hakuliombea radhi. Mzee akapokea jani, akasema kwa taabu: "Mwanangu, nilidhani Mungu ananilipa kwa macho yangu ya ujanani." Kisha akatoa pakiti tisa kwenye koti la ibada. Jioni ileile walikuwa mjini mbele ya daktari.

Jumamosi Odilia alihudhuria kikao asichoalikwa, cha kanisa lisilo lake. Aliweka pakiti tupu mezani, akaeleza, kisha, kwa mazoea, akawataka wazee wote warudie kwa sauti: haizidishwi, haiongezwi siku bila daktari, hainywewi na pombe, hainunuliwi kwa pakiti ya zamani, na uso ukianza kucheza unakwenda kituoni siku hiyohiyo. Wakarudia. Mchungaji alikosea la nne, akaambiwa asubiri wenzake wamalize. Mzee Eliaichi akabaki na uzee wake. Mkewe tu ndiye hajarudi benchi la nyuma mpaka leo.

Ulimi ulitulia baada ya wiki kadhaa, jicho likachukua karibu mwaka. Tangu hapo Odilia hamsemi mtu mbele ya foleni. Mwenye lake anaitwa chumba cha sindano, anaulizwa polepole anakula mara ngapi kwa siku, na kama mbege imo katika hesabu.

Dada Odilia, asante. Sala ya chakula leo, katika hafla hii ya kukuaga, ataiongoza Mzee Eliaichi, mzee wa kanisa. Ameiomba nafasi hiyo mwenyewe na ameahidi kuwa mfupi. Zawadi ya wafanyakazi ni godoro na vipando vitatu vya isale. Tunakutakia ulalie godoro hilo miaka mingi, tumbo lako likiwa na amani na kila unachokipeleka. Vipando uvipande karibu na mlango, maana kwa ulimi wako hutamaliza mwezi Tarakea bila kuvihitaji.